Visamaki vya Kichwa Chini

Nina alama nyeusi kwenye kisigino cha kulia. Wajukuu husema ni uchafu, nami huwaambia, haya, osheni basi tuone kama itatoka. Haitoki. Ni mwiba wa mnyama wa baharini, na mimi ni mtu wa Uluguru, niliyekua mpaka nikaolewa bila kuonja maji ya chumvi.

Mume wangu alikuwa Mzaramo wa pwani, aliyefika Morogoro na kazi ya reli ya Wadachi, yaani Wajerumani. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, naye alihamia, akalima ardhi ya ukoo wetu bila kununa. Kabla ya vita akanipandisha gari moshi nikawaone watu wake. Siku moja maji yalipokupwa, wifi yangu akanichukua twende mwambani kutafuta pweza.

"Wifi," akaniambia, "kanyaga ninapokanyaga mimi."

Weee! Mimi niliyepanda milima na mzigo wa magimbi kichwani tangu utotoni, leo nifundishwe kutembea? Nikashika njia yangu. Na njia yangu ikanipeleka moja kwa moja juu ya nungu wa baharini.

Nilipiga yowe wanawake wote mwambani wakaacha kazi. Nungu yule ni donge jeusi la kiasi cha chungwa, lakini miiba yake ni mirefu, myembamba kuliko sindano, na ina sumu. Mguu uliwaka moto mpaka kwenye nyonga. Nami kwa ujuaji wangu nikafanya kama tunavyofanya mlimani mtu akichomwa: nikaketi, nikatoa sindano niliyokuwa nimeichomeka kwenye pindo la kaniki, nikaanza kuchokoa. Kumbe mwiba wa baharini hauchokolewi. Hukatika vipande vipande kama kijiti cha mkaa, na kila nilipochokoa niliuvunjia ndani zaidi.

Wifi akanipokonya sindano. "Hapa si shamba la magimbi, mama! Utaupoteza mguu!" Huku anacheka, huku machozi yanamtoka. Akakishika kisigino changu, akakigongagonga kwa jiwe mpaka miiba ikasagika humo humo, na tulipofika nyumbani akanipaka utomvu wa papai bichi. Miiba yote ikayeyuka isipokuwa huu mmoja. Umegoma mpaka leo, na mimi nimeupenda kwa ukaidi wake.

Uvimbe uliposhuka nikamwambia wifi anirudishe pale pale. Akaniuliza nina wazimu? Nikamjibu nataka kumtazama adui yangu. Safari hii nilikanyaga alipokanyaga yeye.

Tukamkuta kwenye shimo la mwamba, maji yametulia juu yake. Nilipoinama, kivuli changu kikamwangukia, na miiba yote ikageuka kunielekea mimi. Loo, nikarudi nyuma. Halafu nikaona kitu humo ndani. Visamaki, vyembamba kama majani ya nyasi, vimesimama wima kichwa chini katikati ya ile miiba. Chini yao kamba wadogo wa milia, na kaa mmoja asiyezidi punje ya hindi. Nikapunga mkono juu ya maji. Nilidhani watatawanyika. Thubutu! Walizidi kuzama ndani.

"Mbona hawachomwi?" nikauliza.

"Wanaijua nyumba yao. Samaki mkubwa anawataka sana, lakini nani atatia mdomo pale?"

Niliporudi Morogoro nilimsimulia kaka yangu. Mama alituzaa wawili tu, yeye na mimi. Alicheka akashika mbavu. "Samaki kusimama kichwa chini! Hao wakwe zako wamekupata, dada."

Kisha vita ya Wadachi na Waingereza ikaja, na Wadachi wakataka wapagazi. Askari walipita vijijini na kamba, wakafunga wanaume shingoni, wakawatwisha risasi na mahema. Waliokwenda hawakurudi. Tulisikia wanaangukia njiani na kuachwa hapo hapo, bila sanda, bila hata mtu wa kuwafunika kwa majani. Kikulacho ki nguoni mwako: aliyewaonyesha askari milango alikuwa jumbe wetu, mkuu wa kijiji, Mluguru mwenzetu. Alitaka kuonekana mwema bomani, akamtoa hata mpwa wake mwenyewe, mtoto wa dada yake, yule ambaye angemrithi, naye hakurudi.

Mume wangu akakimbilia kwao pwani, wanaume wengine wote misituni na mapangoni, na askari wakawafuata huko huko. Mimi nikasema kaka yangu haendi. Ng'o! Nikampeleka bondeni, upande wa Mikese, kwenye shamba la mkonge la Mdachi. Nani angemtafuta mtoro ndani ya shamba la bwana mwenyewe? Mkonge ulikuwa mkubwa, palizi imesimama kwa ajili ya vita, na kila jani lina mwiba nchani. Nilimsukuma ndani akiwa amejikunyata, damu inamtoka mikononi. "Sasa utawaamini wale samaki," nikamwambia. Nilikuwa nikipita na jembe begani kama mwanamke wa kibarua, namwachia magimbi ya kuchoma.

Askari mgeni angemkamata mke wa kaka. Lakini jumbe alijua sisi ni watu gani. Alijua kwetu mwanamume huweza kumwacha mke, ila dada hamwachi, maana watoto wa dada ndio watu wake. Akawaleta kwangu. "Mshikeni huyu. Kaka yake atajileta."

Nikamtazama usoni. "Wewe umezaliwa na mwanamke wa ukoo gani, asiyekufundisha kuona haya?" Alinizaba kofi. Nikamwuliza tena.

Nikafungiwa bomani, nikawa natwanga mahindi ya askari toka asubuhi mpaka viganja vinachunika. Niliogopa, nisiseme uongo. Siku moja mama, ambaye sasa ndiye aliyempelekea kaka magimbi, akaruhusiwa kuniletea ugali. Akainama akaninong'oneza, "Kaka yako anataka kujitoa. Anasema hawezi kukaa na wewe uko humu."

"Mwambie nungu akitikiswa, visamaki haviruki nje. Huzama ndani. Na mwambie akitoka, mimi na yeye hatujuani."

Mama alilia, lakini maneno aliyafikisha. Kaka hakutoka. Nami nikatwanga mpaka siku Wadachi walipoukimbia mji, mlango wa boma ukaachwa wazi. Nilitoka nikachechemea hadi kwenye mkonge, nikamwita. Alitoka amekonda, mwili mzima mikwaruzo, akanishika kisigino hiki akalia.

Aliishi mpaka akawa babu. Tulipomzika kwenye ardhi ya ukoo, ubavuni mwa mama, jumbe yule alikuja, amezeeka, anajikongoja. Alisimama mbali, akaniuliza kwa unyonge kama naye anaruhusiwa kutupa udongo. Watu wakanigeukia.

"Tupa," nikamwambia. "Mpwa wako hukupata pa kumtupia."

Akachota udongo, akatupa. Mimi sikumwonea huruma.