Dispensari ya Daktari Kanabisi

Migdalia Cintrón aliendesha basi la shule hapa Holyoke, Marekani, mpaka magoti yakamgomea. Hata leo akikaa kwenye kiti cha saluni yangu, mguu wake wa kulia hautulii; gari likipita nje kwa kasi, yeye anakanyaga breki. Sauti anayo ile ile ya kunyamazisha basi zima la watoto. Wanaume wazima wakigombana barabarani, Migdalia akafungua dirisha na kusema "kaeni chini", utawaona wanatafuta pa kukaa. Huyu si mwanamke wa kuogopa mtu. Isipokuwa mmoja, naye ni mama yake.

Mama yake ni Bi Provi, Providencia kwa kirefu, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Ni shemasi wa kanisa la Kipentekoste lililoko kwenye jengo lililokuwa duka la samani. Tangu aokoke hajakata nywele, na kila Ijumaa anakuja nimfunge kile kishungi chake. Sisi watu wa visiwani, mimi wa Santo Domingo na wao wa Puerto Riko, hatumsalimu mzazi hivi hivi. Unaomba baraka, mzazi anakubariki, ndipo mnaweza kuendelea kugombana. Migdalia, na hamsini yake na ushei, hakuwahi kwenda kazini bila kusimama mlangoni kwa mama yake, ghorofa ya chini.

"Mama, baraka."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Hata siku walizonuniana, hilo halikurukwa.

Sasa, siku moja Migdalia akaingia saluni, akakaa bila kuulizwa, akaniambia kwamba anataka kufungua dispensari. Nilijua anasema nini. Jimbo letu lilikuwa limeshahalalisha bangi, na maduka ya kuiuza yanaitwa hivyo, dispensari, ili mteja ajione mgonjwa kidogo na asione haya. Nikamwambia akili imeenda likizo pamoja na magoti. Hakucheka.

Akanikumbusha habari za mdogo wake, Wilfredo, ingawa hakuna wa mtaa huu asiyezijua. Polisi walimkamata pale kwenye kona, bado kijana, na bangi ya kujaa kiberiti. Alifungwa. Alipotoka hakuna aliyempa kazi, akarudi Ponce, kule Puerto Riko, na huko anaezeka mapaa mpaka leo. Na sasa mabwana kutoka Boston wenye viatu visivyo na vumbi wanailima ndani ya viwanda vyetu vya zamani vya karatasi, wanaiuza kwa magunia, na siku ya kufungua wanapigwa picha wakikata utepe.

"Kama ni lazima mtu apate riziki kwa hiyo kitu, Awilda," aliniambia, "basi na awe mtu aliyelipia."



Sheria yenyewe ilikuwa upande wake. Ilisema wanaotoka mitaa iliyoandamwa na polisi kwa ajili ya bangi wapewe nafasi ya mbele, na mtaa wetu ulikuwa juu kabisa. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuongoza kwa jambo lisilohusu nyumba kuungua. Lakini kupewa nafasi ya mbele si kupewa leseni. Watu wa leseni walimchukua alama za vidole. Walitaka kamera kila pembe, sefu nzito iliyomfanya fundi aogope sakafu, na dirisha lisiloonyesha ndani. Walitaka pia pawe mbali na shule, na hapo tu ndipo Migdalia alipocheka, maana hakuna mtu katika mji huu anayejua milango ya shule kama yeye.

Chumba alichokipata kilikuwa duka la viatu, ukuta mmoja na saluni yangu. Mwenye nyumba alikuwa ameshafuatwa na wale wa Boston. Akasema atamngoja Migdalia mpaka baraza la madiwani lipige kura. Wakimnyima kibali, chumba ni cha wale wa Boston. Na kabla ya kura, kanuni inataka mwombaji aite majirani wote, awaeleze anachofungua, wamuulize watakalo. Majirani wakikasirika, diwani gani atampigia kura?

Basi tangazo likatumwa kila nyumba ya jirani, kwa Kiingereza na Kihispania: njooni mjadili dispensari ya kanabisi. Serikali bwana. Kitu kinaitwa bangi tangu enzi, wao wanakitafutia jina la kanisani.

Kwa wazee wetu wa visiwani, dispensari ni pale unapochomwa sindano na kupewa dawa ya minyoo. Bi Provi bangi anaijua kwa majina yake yote ya kihuni, maana ilimchukulia mwana. Hilo la kitabibu, kanabisi, hakuwahi kulisikia. Ijumaa ile alikuja saluni na tangazo mkononi, uso unang'aa.

"Umemwona mwanangu?" akaniambia. "Anafungua dispensari. Na daktari wake ndiye huyu, Kanabisi. Nadhani Mgiriki."

Nilikuwa na vibanio vya nywele mdomoni, na niliviacha humo humo kwa makusudi.

Kufikia Jumapili kanisa zima linajua. Walimwombea Daktari Kanabisi safari njema. Kina mama walichanga wakanunua mashine ya kupima presha, na mchungaji akatoa viti vya kukunja kwa ajili ya wagonjwa. Migdalia alikuja kwangu amepauka. Asubuhi hiyo ameomba baraka kama kawaida, na mama yake amemjibu, "Mungu akubariki, mwanangu, wewe na wagonjwa wako." Kahawa ilimpanda puani.

Nilimwambia arudi kwa mama yake akaseme sasa hivi. Akasema atasema. Nikamuuliza lini. Akasema baada ya kikao. Nilimsema mpaka mteja wangu aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akatoa kichwa asikilize vizuri. Mwanamke aliyekuwa akisimamisha malori kwa mkono, anajificha nyuma ya Mgiriki asiyekuwepo.

Kikao kilifanyika mle mle kwenye duka la viatu, juu ya viti vya mchungaji. Diwani wa eneo letu alikaa mbele. Majirani walikaa nyuma, wakiongozwa na Bwana Kuzdeba, Mpolandi mzee wa kiwandani ambaye amekwisha kulalamikia muziki, njiwa, na mashine zangu za kukaushia nywele. Alikuja kupinga, na kofia alikuwa hajaivua. Katikati, safu kwa safu, wamekaa kina mama wa kanisa, wamevaa nyeupe kuanzia shingo hadi viatu.

Migdalia hajafungua kinywa, Bi Provi akasimama. Alisema kwa Kihispania kwamba mtaa huu una watu wa sukari na watu wa presha, na kwamba mtu akizidiwa anavuka mifereji yote ya viwanda kwenda kutafuta daktari. Leo binti yake amewaletea dispensari mlangoni. Kanisa lote linaunga mkono, na Daktari Kanabisi akifika atapikiwa wali na mbaazi.

Diwani, ambaye Kihispania chake ni cha kuagizia chakula, aliokota "dispensari" na "tunaunga mkono", akaandika huku anatabasamu. Kanisa zima linaunga mkono bangi. Diwani gani hupata bahati hiyo? Nilimtazama Migdalia. Kibali kilikuwa mkononi mwake. Kazi yake ilikuwa kunyamaza tu. Niliuona mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu.

"Mama," akasema. "Hakuna daktari. Kanabisi ni bangi."

Bi Provi alikuwa bado amesimama. "Bangi ipi?"

"Ile ile. Ya Wilfredo."

Hata wasiojua neno la Kihispania waligeuka kumtazama. Bi Provi hakupaza sauti. Alifunga mkoba wake, akakunja kiti chake, akakibeba kwapani akatoka. Kina mama wote wakainuka, wakakunja viti vyote, hata tulivyokalia sisi, wakamfuata. Hatukujua tucheke au tulie. Waliobaki tulibaki wima kama tuko kituo cha basi, na Migdalia mbele yetu, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Bwana Kuzdeba ndiye aliyesogea kwanza. Akamwambia amekuja kumpinga. Migdalia akamwambia apinge. Mzee akauliza kama kutakuwa na muziki. Hapana. Kelele? Hapana, ni sheria. Akafikiri kidogo.

"Basi ni afadhali kuliko saluni," akasema, akaiweka vizuri kofia yake akaenda zake.

Mpaka leo sijamsamehe.

Lakini diwani alikuwa ameshafuta alichoandika. Alimwambia Migdalia, kwa upole tu, kwamba yeye hawezi kupiga kura dhidi ya kanisa zima lililotoka na viti vyake, na wenzake wa barazani watakuwa na mawazo hayo hayo.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Migdalia alisimama mlangoni kila asubuhi. "Mama, baraka." Ndani alisikia kijiko kikizunguka kikombeni, basi. Angeondoka, kesho arudi, asikie kijiko. Nilimshauri aache kuomba mpaka hasira zipoe. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aache kuvuta pumzi. Ijumaa Bi Provi alikuja kwangu kama kawaida, nikamfunga kishungi, na hatukuzungumza lolote ila baridi.

Jioni ya kura nilifunga saluni mapema nikaenda naye. Baraza linakutana katika ukumbi wa mawe wa mji, na mwananchi anayetaka kusema anapewa nafasi yake. Tulikuwa tumeshakaa mlango ulipofunguliwa, akaingia Bi Provi, peke yake, na mkoba wake. Migdalia alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Alijua wazi mama yake amekuja kummaliza.

Bi Provi alipanda kwenye kipaza sauti, kikashushwa, kikashushwa tena. Mkalimani akasimama kando yake. Aliuliza swali moja kwanza: wakimnyima binti yake, hiyo kitu haitauzwa pale? Mwenyekiti akasema kwa uaminifu kwamba hawezi kuahidi hivyo. Anaweza kuja mwombaji mwingine.

"Itauzwa tu."

"Huenda, mama."

"Na Wilfredo wangu mtamrudishia miaka yake?"

Mkalimani alitafsiri polepole. Hakuna diwani aliyeinua macho.

"Naichukia hiyo kitu," akasema Bi Provi. "Sitakanyaga mle ndani mpaka nife. Lakini nyie mlimchukua mdogo, na dada yake mnataka kumwambia hapana? Mpeni."

Akashuka. Alipita karibu na kiti chetu bila kugeuza shingo, akatoka nje kungoja basi lake. Kura ilipita, na yule diwani wetu alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Migdalia hakushangilia. Aliniuliza tu kama nadhani basi la mama yake limeshakuja.

Baada ya mji bado kulikuwa na jimbo, na jimbo halina haraka. Wakaguzi walikuja wakapima, wakaondoka, wakaja wengine wakapima kile kile. Majira ya baridi yalipita yote hivyo. Na kila asubuhi mlangoni ilikuwa baraka na kijiko, baraka na kijiko. Leseni ilipotoka hatimaye, Migdalia aliibandika ukutani bila sherehe. Jina la duka halina neno dispensari. Hilo alilifuta mwenyewe.

Asubuhi ya kufungua nilikuwa nafagia mbele ya saluni. Migdalia alikuwa mlangoni pake akihangaika na funguo, maana sheria imempa kufuli nyingi kuliko jela. Bi Provi akatokea kwenye kona, ile kona ya Wilfredo, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. Ilikuwa ile mashine ya presha. Wiki hiyo alikuwa ameniambia, hakuomba, kwamba kuanzia sasa kila Jumanne atakaa saluni kwangu kuwapima watu, kwa kuwa kanisa limeshatangaza dispensari na haliwezi kuonekana limesema uongo.

Migdalia alisikia hatua zake, hakugeuka. Alisema kwa mazoea tu, akiuambia mlango.

"Mama, baraka."

Bi Provi akasimama. Akahamisha mashine toka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Funguo zikaanguka. Bi Provi akanyoosha kidole. "Wewe, nimesema. Si hilo duka. Duka bado nalifikiria."

Migdalia aliketi pale pale kwenye kizingiti akalia kwa sauti, mwanamke mzima, na kila gari lililopita mguu wake ukakanyaga breki. Mimi pia nililia, nikasingizia vumbi la ufagio. Bi Provi akaingia saluni, akasogeza machanuo yangu bila kuuliza, akaifungua mashine juu ya meza na kuinyoosha mipira yake.

"Awilda," akasema, "mwite huyo mtoto aje nimpime kabla hajafungua."