Mashine Iliyopelekwa Mahakamani

Juzi, nje ya mahakama pale Mugumu, mama mmoja wa kijiji cha Nyambureti alisimamisha mkokoteni wa ng'ombe. Juu yake kulikuwa na mashine ya kusaga aliyoiagiza ng'ambo, ikapasuka kabla haijamaliza gunia la kwanza.

Karani akatoka, akamwamkia shikamoo. "Sasa mama, mashine ya nini huku?"

"Kwetu ng'ombe akigombaniwa, analetwa kikaoni wazee wamwone."

Mama akampa mkataba wa ununuzi. Karani akausoma, akajikuna kichwa. "Hapa ulikubali kesi isikilizwe nchini kwa wauzaji, kwenye mahakama yao ya biashara za kimataifa."

"Huyo jaji atakuja kuiona?"

"Hapana, mama. Atasoma karatasi. Wewe utaongea naye kwa video."

Mama akaifuta mashine vumbi kwa kanga. "Basi itazame wewe."

Karani akainama, akapitisha kidole kwenye ufa mpaka ulipoishia. "Pole, mama. Nimeiona."

Naambiwa majaji wa mahakama hizo ni mahiri na hawapendelei mtu. Siwabishii. Ila mtu pekee wa mahakama aliyeugusa ufa ule ni yule asiyeruhusiwa kuhukumu.