Mwisho wa Benchi

Kosa langu la kwanza kwenye mpira wa Kimarekani lilikuwa kusalimia watu.

Nilikuwa nimeitwa kujaribiwa na timu ya kulipwa, mechi yangu ya kwanza kabisa, na kabla haijaanza nikafanya nilivyolelewa. Nikaanzia kichwani mwa benchi, nikampa kila mtu mkono. Mimi ni Mrundi niliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma. Kwetu huingii mahali penye watu ukakaa kimya kama gunia. Unapeana mikono na mmoja mmoja mpaka umalize, hata kama umebanwa na haja. Basi nikapita. Majitu yale, mikono imefungwa plasta mpaka vidoleni, yakanitazama kama nimerukwa na akili. Mmoja alinipa mkono huku anaangalia kando. Mwingine aliuficha wake kwapani.

Aliyenivuta fulana ni mrushaji, yule bwana ambaye kazi yake ni kuinama na kuurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake ili mimi niupige. Akaniuliza, "Unaaga? Unakwenda wapi?"

Nikamwambia nasalimia.

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo, kwamba mpigaji hasemeshwi. Siku ya mechi mpigaji anaachwa peke yake akili yake itulie. Na mtu akimsemesha, halafu mpigaji akakosa, lawama zote ni za huyo aliyemsemesha. "Ni heshima," akasema. "Tunakuheshimu."

Heshima! Nikaenda kukaa mwisho wa benchi na heshima yangu, na hapo ndipo nilipokaa miaka yote iliyofuata, katika kila timu iliyonichukua.

Kwa asiyeujua mchezo, kazi yenyewe ni hii. Wenzako wanagongana kama mafahali mchana kutwa. Wakikwama kabla ya kufika mwisho wa uwanja, unaitwa wewe. Mrushaji anaurusha mpira, mwingine anausimamisha chini kwa kidole, wewe unaupiga upite katikati ya nguzo mbili. Halafu unatoka. Ukipita, ndivyo ulivyotakiwa kufanya, nani akusifu? Ukikosa, hata muuza mafuta ya gari anakujua sura.

Mama yangu, anayefua mashuka kwenye hoteli moja Dallas, hakuielewa kazi hii hata siku moja.

"Ukishapiga, unafanya nini?"

"Nakaa, mama."

"Na kabla ya kupiga?"

"Nakaa."

"Kumbe wanakulipa kukaa." Akaguna. "Na mimi waniite basi. Miguu inaniuma."

Tulipohamishiwa Marekani tulifikia Vickery Meadow, mtaa wa Dallas, kwenye maghorofa yale ambayo jikoni kwa jirani mmoja kunanukia pilipili ya Kiburma na kwa mwingine dagaa. Nilicheza mpira wa miguu, wa kawaida, kwenye majani kati ya jengo na jengo. Kocha wa shule akaona mguu wangu, akanihamishia kwenye mpira ule wa Kimarekani. Mama alikubali kwa sharti moja tu: nisigongane na wale watu. Nimelitimiza vizuri mno. Sikugongana nao, wala sikukaa nao.

Maisha ya mpigaji ni ya sanduku. Simu inalia, mpigaji wao ameumia nyonga, unapanda ndege. Unapiga wiki mbili, tatu, yule anapona, unarudi nyumbani. Simu isipolia nilikuwa naenda Mesquite, mji wa jirani, kwenye uwanja wa shule moja uliokuwa wazi, nyuma ya maghala. Hakuna wa kunishikia mpira, kwa hiyo nausimamisha kwenye kichuma cha miguu mitatu. Naupiga. Mipira ikiisha naenda kuiokota mwenyewe kule nyuma ya nguzo, naijaza kwenye begi, narudi, naanza upya. Magari ya mizigo yanaingia na kutoka maghalani, na ndani kuna nusu ya Warundi ninaowajua, wanapanga maboksi, wanataniana. Niliwaonea wivu. Jamani, niliwaonea wivu watu wanaopanga maboksi! Nyumbani walidhani najidai kwa sababu siji kwenye harusi. Kumbe nilikuwa mpweke tu, mpweke mpaka nikaanza kuongea na ile mipira.

Halafu timu moja ya Houston ikaniita. Nilikuwa nimeshaanza kuzeeka kwa kazi hii, na kocha alinena bila kuzunguka: nikifanya vizuri, nafasi ni yangu mpaka msimu uishe. Nikivurunda, nirudi nilikotoka. Na nilijua moyoni kwamba safari hii nikirudi ndiyo basi tena, hakuna timu nyingine itakayopiga simu. Hoteli walinipa. Mama akakataa katakata.

"Una mama yako mdogo Sharpstown, Houston hiyo hiyo, ukalale hotelini kama huna kwenu?"

Mama mdogo mwenyewe si ndugu wa damu. Walikuwa wanachota maji kwenye bomba moja kule kambini, basi. Lakini nenda kamwambie mama hilo, uone. Nikahamia Sharpstown na sanduku langu. Wana wa mama mdogo walinijibu salamu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu zao. Mama mdogo alinipa chumba chao, akanipikia ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, na kila asubuhi akaniombea kwa sauti, nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi.

Wiki ya kwanza nilipitisha yote. Wiki ya pili mama akapanda basi kutoka Dallas. Hakuwahi kuniona nikipiga. Kila mara alikuwa zamu, au alisema presha yake haitaweza. Safari hii alisema, "Nije nione hiyo kazi ya kukaa." Nikamtafutia kiti cha safu ya chini jukwaani, upande wa benchi letu. Akaja amevaa kitenge chake cha misa, rozari mkononi, katikati ya watu waliojipaka rangi usoni.

Mechi ilikuwa ngumu, na nikajua mapema kwamba itaniangukia mimi. Wenzangu nao walijua. Unaona jinsi wanavyoanza kusogea. Aliyekuwa karibu anakumbuka kitu upande wa pili, mwenye chupa ya maji anaiweka kwenye kiti badala ya kukupa mkononi. Mrushaji wa timu hii, kijana mpole, alipita akaangalia viatu vyangu tu. Nilitamani mtu mmoja aniambie neno lolote, hata anitukane. Nikaitwa.

Mpira ulirushwa vizuri. Ulisimamishwa vizuri. Sina wa kumsingizia. Niliupiga, na kabla haujafika nikajua, maana mguu unajua kabla ya macho. Ulipita nje ya nguzo ya kulia, karibu kabisa, na uwanja mzima ukaguna kwa pamoja.

Hakuna aliyenilaumu. Nawapa haki yao, hakuna. Nilirudi mwisho wa benchi na wakanifungulia nafasi kubwa zaidi, kana kwamba nimemwagikiwa na maji ya moto. Mechi ikaisha tumefungwa. Kule vyumbani kila mmoja alipita akanigusa bega kidogo bila kusema kitu, akaenda kuoga. Walikuwa wananiheshimu.

Sharpstown niliingia moja kwa moja chumbani, nikafunga mlango. Mama akabisha.

"Ugali unapoa."

"Sili."

"Nani kakuuliza kama unakula? Nimesema unapoa."

Sikufungua. Nikamsikia sebuleni akiongea na mama mdogo kwa sauti ya chini, kisha simu, kisha simu nyingine. Nikajifunika shuka. Nilidhani wanamwambia kila mtu aibu yangu, na nikakasirika sana.

Asubuhi timu ikaniita nirudishe vifaa. Nilishajua. Kocha alinipa mkono, wa kwanza na wa mwisho, akasema mambo mazuri. Basi, unga umemwagika. Nikaendesha kurudi nikiwaza kufunga sanduku na kuondoka kabla ya watu kutoka kazini.

Nilipofika, ngazi nzima ilikuwa imejaa viatu. Makubadhi, raba za kiwandani, viatu vyeupe vya manesi, vimepangana mpaka mlangoni kwa jirani. Mrundi akiona viatu vingi hivyo siku ya kazi, anajua ni harusi au ni msiba, na harusi hatukuwa nayo.

Nikasukuma mlango. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, vitenge vimefungwa kiunoni. Wanaume wamekaa ukutani, kimya. Wengine wametoka zamu ya usiku, macho mekundu, beji za kazini bado zinaning'inia shingoni. Sufuria kubwa ya chai iko katikati. Mama yangu yupo, mzima. Mama mdogo yupo.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Yoo! Hakuna aliyekufa," akasema mama mdogo. "Tumekuja kukaa."

"Kukaa kufanya nini?"

"Kukaa."

Na yule mzee wa karibu na mlango akainuka akanipa mkono. "Pole, mwanangu." Wa pili yake akainuka. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kuzunguka chumba chote, mikono yenye dawa ya kufulia, mikono yenye malengelenge ya maboksi, pole, pole sana, mpaka nikawamaliza. Hakuna aliyetaja mpira. Nadhani wengi hawakujua hata ni mpira gani. Kisha wakarudi kukaa.

Nikabaki nimesimama katikati na begi langu kama mjinga. Nilitaka kumgombeza mama. Nikamwambia, "Mama, huu si msiba. Nimekosa mpira tu."

"Huo mpira mimi sikuuona," akasema. "Nilikuja kukuona wewe, nikakuangalia wewe. Umekaa mwisho kule peke yako, na wale watu wote, wakubwa vile, hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa karibu na mwanangu. Kabla hujapiga hakuna. Umekosa, hakuna. Nikasema, hapana. Kama wao hawana watu wa kukaa nawe, sisi tunao."

Nililia. Nililia mbele ya watu wote wale, mwanaume mzima, mguu wa kulipwa. Hawakunigeuzia macho. Mtu alinimiminia chai, mwingine akaongeza sukari bila kuniuliza.

Mama akasogea kwenye mkeka, akapiga-piga nafasi iliyobaki katikati yake na mama mdogo.

"Vua viatu," akasema. "Ukae."