Foleni Mlangoni kwa Mama Futi

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Futi yuko magotini, pini nne mdomoni, anapunguza pindo la joho la mfalme. Mfalme mwenyewe amesimama juu ya stuli kwa soksi, anatafuna mkate.

"Ukinidondoshea makombo kwenye kola nakuvua ufalme," anamwambia bila kufungua meno. Mfalme anageuza shingo pembeni kama mtoto aliyekaripiwa.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya jukwaa, kati ya choo na stoo ya rangi. Kina cherehani mbili, pasi moja, kioo chenye ufa, na nguo zilizoning'inia mpaka darini. Humu ndimo kilimozaliwa chama cha wafanyakazi wa jumba hili la maigizo. Mkunga wake ni ile futi ya kupimia anayoshinda nayo shingoni kutwa, hiyo hiyo iliyompa jina.

Jina la kwenye cheti usimwulize. "Naona hata mshahara wanamlipa Mama Futi," anasema, na inabidi atoe pini mdomoni ndipo acheke vizuri.

Jumba linaendeshwa na shirika la hisani linalopeleka michezo ya kuigiza mashuleni na hospitalini. Kazi ni nzuri, kila mtu hapa atakwambia hivyo, na balaa lilianzia hapo. Kwa kuwa kazi ni nzuri, watu waliona haya kuulizia mikataba. Mama Futi ana miaka kumi na moja hapa, na yote aliifanya kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Piga hesabu: ni mikataba arobaini na minne. Kila mpya ulipoanza, siku zake za likizo zilirudi sifuri.

"Nikiomba ruhusa naambiwa, mama, wewe bado mgeni," anasema. "Mgeni gani anayejua kiuno cha kila mtu?"

Kilichommaliza uvumilivu ni simu. Bintiye, anayeishi mwendo wa siku mbili kwa basi, alijifungua miezi saba iliyopita. Mama Futi akaomba wiki mbili akamhudumie mzazi. Jibu likaja kwamba akiondoka, mkataba utaisha akiwa huko na nafasi haitamsubiri. Hakwenda.

"Nililia humu humu, nimejifunika joho hilo," anasema, akilinyooshea kidole. "Kisha nikajifuta, nikalipiga pasi."

Aliyemletea fomu ya kuandikisha chama ni fundi taa, dada mwembamba asiyeogopa ngazi ndefu wala wakubwa. Ili chama kitambuliwe, zilitakiwa sahihi ishirini na moja kati ya wafanyakazi arobaini. Mikutano ndani ya jengo ilipigwa marufuku. Lakini ni nani atamkataza fundi nguo kupima watu?

Basi wakaitwa mmoja mmoja. Mlango unafungwa, mikono juu, futi kifuani, maneno yanaanza. "Mtu unayempima hawezi kukukimbia," anaeleza. "Tena anasema kweli. Ukimshika kiuno anakwambia mpaka habari za mwenye nyumba wake."

Waigizaji hawakuwa na shida. Kazi ilikuja alipowamaliza waigizaji, akaanza kuwaita madereva, wafagizi, na hatimaye mhasibu, bwana wa tai ambaye hajawahi kukanyaga jukwaa.

"Aliniambia napimwa vazi la simba," mhasibu anakumbuka. "Nikajiuliza nimemkosea nani. Lakini mikono nilinyoosha."

Mhasibu alitia sahihi, na siri ya fomu akaitunza. Lile la kupimwa ndilo lililomshinda. Alipoulizwa alikuwa anafanya nini kule nyuma, akajibu kwamba hata watu wa ofisini sasa wanashonewa. Kufikia jioni jengo zima lilikuwa linajua kuna sare mpya.

Kesho yake zilikuwapo sahihi kumi na tisa, na mkataba wa Mama Futi ulikuwa umebakiza siku tisa. Akafungua mlango, akakuta foleni mpaka uani. Wa tatu kwenye foleni alikuwa mkurugenzi.

"Nilitamani niingie kabatini nijifungie," anasema.

Zamu ya mkurugenzi ikafika. Akavua koti, akanyoosha mikono. "Akaniuliza, mama, sare itakuwa rangi gani? Nikamtazama kwenye kioo, amesimama vile kwa imani. Nikashindwa kumdanganya."

"Hakuna sare, bosi," alimjibu. "Tunaandikisha chama. Na kifua chako kimeongezeka inchi mbili."

Mkurugenzi akavaa koti, akatoka bila kuaga.

Huko nje, walioweka sahihi kila mtu kivyake walikuwa wameshaanza kuulizana, na kugundua kuwa kumbe hawako peke yao. Fundi taa akaitoa fomu hadharani, akaitandaza juu ya meza ya kupigia pasi. Saa sita mchana sahihi zilikuwa thelathini na nne.

"Nilikasirika, sikatai," anasema mkurugenzi leo, akijikuna kidevu. "Nilikaa na kalamu niandike barua ya kumwachisha kazi. Nikatazama dirishani, foleni iko pale pale, na hakuna aliyekuwa anapimwa. Kalamu nikairudisha."

Mazungumzo yalichukua miezi minne. Wiki iliyopita makubaliano yakasainiwa: mikataba ya mwaka mzima, na likizo ya siku ishirini na moja. Siku hiyo mfagizi alicheza jukwaani na taji la mfalme kichwani, na mhasibu akaomba aonyeshwe lile vazi la simba.

Ombi la kwanza la likizo kugongwa muhuri ni la Mama Futi. Basi lake linaondoka Ijumaa.

Ameshamshonea mjukuu magauni matatu, akikisia kwa picha za simu. Yote yamegoma kuingia, yakarudishwa kwa basi. "Binti ananiambia, mama, kitambaa umekibania," anasema, akiyafungua magotini moja baada ya jingine.

Kisha anaivua futi shingoni, anaikunja, anaitia kwenye mkoba. Fundi taa, aliyeegemea mlangoni, anamuuliza wao watapimwa na nini akiwa hayupo.

"Ninyi nawajua kwa kichwa," anajibu. "Yule sijui hata mkono wake una urefu gani."