Mzee wa Flashi na Kompyuta ya Stoo

Katika lile duka la uchapaji palikuwa na mtu mmoja aliyeamini kwamba siku akiugua yeye, kazi zote zitasimama. Na kusema kweli, kwa miaka kumi na minane hakuwa mbali na ukweli. Walimwita Mzee wa Flashi. Uzee wenyewe hakuwa nao, alikuwa na miaka arobaini na sita na kitambi cha heshima, ila jina lilimganda kwa sababu ya flashi nyeusi aliyoitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata msalani aliingia nayo.

Duka lilikuwa na vyumba vitatu na kompyuta tatu. Chumba cha mbele alikaa dada yake mkubwa, mwenye duka, akipokea wateja. Cha katikati alikaa dizaina, mwanamke mkimya mwenye miwani, akipanga kurasa. Cha nyuma, ukishavuka kiuga cha saruji iliyopasuka, palikuwa na mashine ya kuchapa na mchapaji wake. Kompyuta zile hazikuwa zikijuana. Kazi ikiisha katikati, Mzee wa Flashi anaibeba kwa flashi, anavuka kiuga, anaichomeka nyuma. Ikikutwa na kosa, anarudi nayo. Dizaina naye alikuwa na mtindo wake wa kuhifadhi kazi: ya kwanza aliiita Mwisho, ya pili Mwisho Kabisa, ya tatu Mwisho wa Kweli, na kuna kadi moja ya mwaliko iliyofika mpaka Mwisho Naapa. Ipi ichapwe? Hapo ndipo walipomwita yeye. "Mzee wa Flashi, njoo kidogo." Siku nzima njoo kidogo, njoo kidogo. Alilalamika kwamba magoti yamekwisha, wanamuua. Mwongo mkubwa. Siku asipoitwa mara ishirini alirudi nyumbani amenuna.

Basi dada akaolewa. Alikuwa amevuka hamsini na watu walishaacha kuuliza, mara paap, akaolewa na fundi redio mstaafu, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuimba kwa pua anapofanya kazi. Mzee wa Flashi alimpokea shemeji yake vizuri, harusini alicheza mpaka shati likachanika kwapani. Tatizo lilianza pale shemeji alipochoka kukaa nyumbani na kuanza kuja dukani.

Hakuja kuamrisha mtu. Angekuja kuamrisha ingekuwa afadhali, angechukiwa kwa sababu nzuri. Alikuja akakaa kwenye stuli, akanywa chai, akatazama. Alimtazama Mzee wa Flashi akivuka kiuga, akamtazama akirudi. Siku ya tatu akauliza, "Shemeji, kwa siku unavuka mara ngapi?"

"Mara nyingi," akajibu yule kwa majivuno. "Kazi hii si ya mtu mvivu."

"Unaonaje kama tungekupumzisha?"

Neno hilo lilimwingia kama mwiba. Kupumzishwa. Nani aliomba kupumzika?

Stooni, chini ya magunia ya karatasi za taka, palikuwa na kompyuta kuukuu. Na si kompyuta ya mtu mwingine, ilikuwa ya kwake mwenyewe, aliyoitumia miaka ya mwanzo kabla haijawa nzito na kutupwa. Shemeji aliitoa akaipangusa vumbi, akafukuza familia ya mijusi, akabadilisha feni, akatia diski kubwa aliyoitoa kwenye mashine nyingine mbovu. Halafu akasema anahitaji flashi ya kuwekea mfumo mpya, ule wa bure usiohitaji mashine yenye nguvu. Dada, bila hata kugeuza shingo, akasema, "Mdogo wangu, mpe yako."

Akaivua. Dizaina anasema alikuwa na uso wa mtu anayevuliwa suruali njiani.

Kwa siku mbili shemeji aliimba kwa pua na kuvuta waya. Waya mmoja kutoka mbele, mmoja kutoka katikati, mmoja ukapita juu ya kiuga ndani ya bomba la plastiki hadi kwa mchapaji. Zote zikakutana kwenye kiboksi chenye vitaa, na kiboksi kikaungwa na ile kompyuta kuukuu, ambayo sasa ilikaa kwenye kona ya chumba cha mbele bila skrini wala kibodi, inanguruma tu. Kila mtu akapewa jina na neno la siri. Ukifungua kompyuta yako unaona folda moja imeandikwa Ghala, na kilichomo humo wote mnakiona. Dizaina akihifadhi ukurasa katikati, mchapaji anaufungua nyuma papo hapo. Na jambo la mwisho, shemeji akasema kazi itakuwa na nakala moja tu, ile ya Ghala, hakuna tena Mwisho Naapa. "Wiki ijayo nitaongeza diski ya pili," alisema, "ili kila jioni vitu vijinakili vyenyewe. Kwa sasa twende hivi hivi."

Mchapaji alipofungua kazi ya kwanza bila mtu kuvuka kiuga, alicheka peke yake kama aliyeokota kitu. Dada akampigia mumewe makofi. Mzee wa Flashi naye akapiga, mawili.

Wivu, jamani, ni kazi ya kutwa. Mtu mwenye wivu halali mchana. Alianza kuhesabu ni mara ngapi dada yake amesema "mume wangu amesema", na siku moja kabla ya chakula cha mchana zilifika kumi na moja. Aliangalia chai inamiminwa kwa nani kwanza. Alimsikia mteja akiuliza, "Yule fundi wenu yupo?" na yeye amesimama hapo hapo, mtu mzima, na kitambi chake. Flashi alirudishiwa, ikiwa tupu, imefutwa kila kitu. Aliivaa tena lakini hakuna aliyeiuliza. Akawa anapita chumba kwa chumba akiulizia kama kuna cha kubeba. Hakuna. Wakampa kukata kingo za karatasi.

Nyumbani mkewe alimsikiliza wiki nzima, akachoka. "Una wivu," akamwambia.

"Wivu wa nini? Mwanamume mzima nilionee wivu boksi?"

"Hulionei boksi," mkewe akasema, akaendelea kupasi.

Alikasirika, na aliyekasirika hivyo ujue ameguswa penyewe. Dada yake huyo ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Duka walilifungua wawili, na mashine ya kwanza waliisukuma wenyewe kutoka barabarani mpaka ndani, mikono ikatoka malengelenge. Miaka yote aliitwa mkono wangu wa kulia. Sasa mkono wa kulia ulikuwa unakata kingo, na mtu wa juzi ndiye anayeulizwa kila kitu. Roho ilimuuma, sitaficha, ilimuuma kweli kweli.

Ndipo akapata wazo, na wazo la mwenye wivu siku zote linakuja limevaa vizuri.

Dukani palikuwa na kazi kubwa: kitabu cha mahafali cha shule, kurasa tisini na sita, picha za wahitimu mia mbili na kumi na wawili, kila picha na jina lake na maneno yake chini. Dizaina alikuwa amekipanga kwa wiki tatu. Kilikuwa kichapwe Jumanne, shule ichukue Ijumaa. Mzee wa Flashi akawaza hivi: Jumatatu asubuhi nitaingia Ghala, nitakifuta. Roho zitawaruka. Boksi la shemeji limekula kazi. Watahangaika nusu saa, naye ataimba kwa pua asione kitu. Kisha mimi nitakwenda taratibu kwenye kompyuta ya nyuma, nitafungua lile pipa la taka ambalo kila kilichofutwa hulala humo, nitakiokota na kukirudisha. Nitasema, tulieni, nimekipata. Alishawahi kuokoa kazi za dizaina kwa njia hiyo si chini ya mara tano. Pipa alikuwa analijua kama mfuko wake.

Jumatatu, mchapaji alipotoka kunawa mikono, akakaa kwenye kompyuta ya nyuma, akaingia Ghala kwa jina lake na neno lake la siri. Akabonyeza folda ya kitabu. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo.

Mayowe hayakuwepo. Dizaina alitoka tu chumbani kwake akiwa ameshika miwani mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Kitabu hakipo." Dada akasimama. Mchapaji akaangalia kwake, hakipo. Shemeji akaacha kuimba.

Mzee wa Flashi alisubiri dakika kumi tu, nusu saa ilimshinda. Akavuka kiuga kwa mwendo wa mtu anayejua, akafungua pipa.

Pipa lilikuwa tupu.

Akalifunga, akalifungua tena. Tupu. Hapo ndipo alipoelewa kitu ambacho shemeji angemweleza siku ya kwanza kama angekubali kusikiliza. Pipa ni la kompyuta uliyokalia. Ukifuta kitu cha Ghala, unafuta kwenye mashine nyingine kabisa, na ile haina pipa. Kinakwenda. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope. Wiki tatu za dizaina, na nakala ilikuwa moja.

Aliporudi mbele alimkuta shemeji ameunga skrini kwenye kompyuta kuukuu. Dada na dizaina walikuwa upande wa pili wa meza. Yeye alikuja kwa nyuma, akaona. Mashine ile ilikuwa inaandika kila kitu, nani kaingia, saa ngapi, kafanya nini, na mstari wa mwisho ulikuwa na jina lake, saa tatu na dakika arobaini, amefuta. Shemeji aligeuka akamtazama. Si kwa hasira. Kisha akazima skrini.

"Ni diski," akamwambia mkewe. "Kuukuu. Niliitoa kwenye mashine mbovu, kosa langu. Na ya pili sikuiweka."

Dada hakuwa mtu wa kupayuka, lakini siku hiyo alimsema mumewe mbele ya dizaina, mbele ya mchapaji, na mbele ya mteja aliyekuja kuchukua risiti zake. Kwamba yeye ndiye aliyewafanya wafute nakala zao. Kwamba redio na duka la watu ni vitu viwili. Kwamba abebe takataka yake airudishe stooni leo hii, na kesho abaki nyumbani. Shemeji aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, mke wangu," akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja. Dada akamgeukia mdogo wake, macho yamejaa maji. "Turudi kwenye flashi. Mimi sina mwingine ila wewe."

Haya sasa. Si ndicho alichotaka? Neno lile lile, kutoka mdomo ule ule. Alipewa kila kitu siku hiyo, na mwenye siri yake alikuwa mtu mmoja tu ambaye ameshaapa moyoni hatasema.

Akamtazama shemeji akikunja waya vizuri, duara juu ya duara, ametukanwa kwa kosa la mtu mwingine, mpole kama kawaida. Na wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa wiki zote zile. Huyu mtu amemzidi kwa ufundi, amemzidi kwa upole, sasa anataka kumzidi na kwa uungwana. Atakwenda nyumbani akiwa mtu mwema. Na kila siku ya maisha yao, kila chai, kila sikukuu, yeye Mzee wa Flashi atakaa mbele yake akijua.

"Nimefuta mimi," akasema.

Dada hakuelewa. "Umefuta nini?"

"Kitabu. Kwa mkono wangu. Diski ni nzima, haina ugonjwa wowote. Nilitaka mumuone hajui kitu, halafu nikirudishe mimi. Hakirudi."

"Shemeji," yule fundi akasema taratibu, "hukuwa na haja ya..."

"Nyamaza wewe." Akamgeukia. "Dada umenichukulia. Kazi umenichukulia. Kosa hili ni langu, usinichukulie na hili."

Mteja wa risiti akajitia anasoma tangazo ukutani. Dada alikaa chini. Alimtazama mdogo wake, kisha mumewe aliyekuwa bado na waya mkononi.

"Nimemtukana mume wangu mbele za watu," akasema, "na wewe umesimama hapo unanisikiliza."

Aliinuka, akachukua waya kutoka kwa mumewe, akaanza kuurudisha mwenyewe, na hakujua unachomekwa wapi.

Picha zilikuwa bado kwenye kamera ya shule. Kurasa ndizo zilizokwenda, na Ijumaa ilikuwa siku nne mbele. Dizaina alirudi chumbani kwake, akavaa miwani, akafungua ukurasa mweupe. Mzee wa Flashi alimfuata, akasimama mlangoni asijue aweke wapi mikono. Bila kugeuka, dizaina akasogeza kwa mguu mkebe wa rangi uliotumika kama kiti, akamtupia orodha ya wahitimu.

"Kaa usome majina," akasema. "Polepole. Mia mbili na kumi na wawili."