Walio Nyuma ya Goli

Mimi ni shabiki wa mpira wa Australia. Najua linavyosikika hilo. Ofisini kwetu Mtumba, kwenye mji wa serikali, Jumatatu asubuhi watu hugawanyika pande mbili: wa timu hii kubwa ya Dar es Salaam na wa ile nyingine, na wanaojiona wameendelea huongeza na timu ya Uingereza juu yake. Mimi nikisema yangu imetoka sare huko Australia, wananiuliza kama kipa ni kangaruu. Mmoja, mtu mzima mwenye shahada mbili, aliniuliza kwa upole kabisa kama kule mpira hauchezwi kwa mikono. Nilimjibu vibaya, na sijajuta.

Ubaya ni kwamba timu yenyewe ni mbovu. Ningechagua kwa akili zangu ningechagua inayoshinda. Lakini sikuichagua mimi. Aliichagua mdogo wangu, bila kujua kwamba anatuchagulia na sisi.

Mdogo wangu alikwenda huko kusomea uuguzi, akamaliza, akapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akabaki. Kila Jumapili baada ya ibada hutupigia simu ya video. Mama, ambaye siku hizi anaishi nami Miyuji baada ya kuachana na shamba lake njia ya kwenda Mtera, hujifunga kitenge kizuri na kukaa sawasawa mbele ya simu. Wanasalimiana kwa mbukwa zao za Kigogo, mama anauliza kama amekula, anajibiwa kwamba amekula. Upande wa pili mdogo wangu amevaa shati lililopigwa pasi, nyuma yake ukuta mweupe. Jumapili zote shati, Jumapili zote ukuta. Siku moja, simu ilipokatwa, mama akaniambia, "Huyu amejipanga."

"Amejipangaje, mama?"

"Amekaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mimi nataka nimwone wakati hajui kama namtazama. Hapo ndipo nitajua kama ana watu."

Kwa mama hilo ndilo lilikuwa swali. Mshahara, nyumba, baridi ya huko, hayo yote aliyapokea kama habari za redioni. Alichotaka kujua ni kama mtoto wake, aliyekulia kwenye nyumba isiyokosa wageni, sasa anakula peke yake akiangalia ule ukuta. Na mimi nilikuwa naliogopa swali hilohilo, tena sana, ila nilikuwa sithubutu kulitamka.

Jumapili moja mdogo wangu akataja, kwa kupita tu, kwamba Jumamosi huenda uwanjani kutazama mpira, na hukaa nyuma ya goli pamoja na mashabiki wanaoimba. Mama alingoja simu ikatike, akanigeukia. "Huo mpira unaonyeshwa kwenye televisheni?"

Nikasema nitatafuta.

"Tafuta. Na yeye usimwambie."

Hivyo ndivyo mpira wa Australia ulivyoingia nyumbani kwetu. Wenzetu hucheza jioni, na jioni yao ni asubuhi yetu, kwa hiyo tuliutazama kwa chai na mihogo ya kuchemsha. Niliunganisha simu na televisheni, nikanunua bando, na kelele zetu zikamleta jirani, Mzanzibari mmoja anayefanya kazi bungeni.

"Shikamoo mama," alisema akiwa bado mlangoni. "Kuna salama?"

"Marahaba, baba. Salama. Kaa, tunamtafuta mwanangu."

Akakaa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kila Jumamosi, na chapati zake mkononi.

Sauti niliizima. Mtangazaji alikuwa anaongea Kiingereza cha kumeza maneno. Mama hakuambulia kitu, na mimi niliyesoma niliambulia nusu. Nikawa natangaza mwenyewe kwa Kiswahili. Si kwamba najisifu, lakini nilikuwa natangaza vizuri. Jirani alisema serikali imenipotezea kipaji.

Mama alijifunza mpira upesi, ila mpira wake. Aligundua kwamba muda mwingi kamera inafuata mpira tu, haina habari na watu. Lakini timu ya mwanawe ikifunga, wachezaji hukimbilia nyuma ya goli, kamera nayo huwakimbilia, na hapo kwa kitambo kidogo unaziona nyuso. Basi yeye akawa anataka magoli tu. Chenga hakuzitaka, pasi fupi fupi zilimkera. Mchezaji akirudisha mpira kwa kipa, mama anaguna, "Huko nako anakwenda kufanya nini?" Sare ya bila kufungana ilimharibia siku nzima. Jirani alipomweleza sheria ya kuotea, alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema hiyo imetungwa na watu wenye roho mbaya.

Kitu kimoja alikipenda ambacho watu wengine wote wanakilalamikia. Goli likifungwa, halafu refa akaenda pembeni kulitazama upya kwenye video, sisi tunasonya. Mama anafurahi, maana refa anapopekua, kamera haina pa kwenda, inabaki kuzunguka kwa mashabiki. "Mwacheni aangalie vizuri," alikuwa akimtetea. "Ana haraka gani?" Na yeye mwenyewe anainama mpaka pua inakaribia kugusa kioo, akiwapekua watu safu kwa safu. Aliwazoea. Alimjua kijana anayejipaka rangi nusu ya uso, alimjua babu mwenye kofia ya sufu asiyeshangilia kitu chochote. Mwanawe hakumwona. Picha zilipita haraka, na wote walikuwa wamevaa jezi moja.

Msimu ukasonga. Mama akaanza kuacha chai ikapoa kikombeni, na mimi nikaanza kushikwa na hasira isiyo na mwenyewe: leo naikasirikia kamera, kesho mshambuliaji wao, kesho kutwa mdogo wangu kwa kuwa na kimo cha kawaida. Nikamwambia mama nimpigie huyo mdogo wangu, nimwombe avae kitu cha kuonekana, apunge mkono. Akanikatalia. "Ukimwambia, atajipanga na huko."

Basi ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Chai tayari, chapati tayari, na kwenye televisheni hakuna mechi. Nikahangaika na simu, nikaulaumu mtandao, nikamlaumu jirani ambaye hakuwa amegusa chochote. Jirani ndiye aliyetafuta kwenye simu yake akagundua kwamba kule wamerudisha saa zao nyuma, kwa hiyo mechi yao ya jioni ileile itatufikia sisi ikiwa imechelewa kwa saa nzima.

"Wanarudisha saa?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Baadaye wataipeleka tena mbele. Ni kawaida yao kila mwaka."

"Na jua linakubali?"

Jirani akacheka, na ili kupoteza muda akamwuliza huyu mtoto tunayemtafuta alikuwa mtoto wa namna gani. Mama akatabasamu, na hapo nikajua tunaelekea kwenye ngoma. Kwetu Ugogo kuna ngoma iitwayo muheme, na hiyo ni ngoma ya wanawake: unaibana kwa mapaja na kuipiga kwa viganja. Mama alikuwa mpigaji mashuhuri. Akina mama walipokaa kufanya mazoezi, wavulana walifukuzwa, na mdogo wangu ndiye pekee aliyekuwa akirudi. Mwishowe wakachoka kumfukuza, wakampa na yeye kidebe.

"Alipiga vizuri?" jirani akauliza.

Mama akaomba ndoo. Akaigeuza, akaibana kwa mapaja, akatupigia kwanza inavyotakiwa. Mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unangoja kidogo, halafu mikono yote inakutana. Ndoo ya plastiki ile, lakini nilisikia vumbi la kwetu puani. "Sasa yeye," mama akasema, "mkono wa kushoto haungoji." Akapiga tena, safari hii kushoto kukiwahi, na mdundo wote ukawa kama mtu aliyejikwaa akaendelea kucheza. "Nilimrekebisha mpaka nikachoka. Wenzangu walikuwa wakimcheka, wanasema huyu anataka kula kabla hajanawa."

Jirani akajaribu, akashindwa zote mbili, iliyo sahihi na yenye kosa. Tukacheka, na saa ikaisha.

Mechi ilipoanza nikaingia kazini. Nilitangaza kipindi cha kwanza kisicho na kitu na kipindi cha pili kibovu kuliko cha kwanza. Kisha, watu wakiwa wameshaanza kuondoka uwanjani, kona ikapigwa, beki wao mmoja mrefu akaruka, na mpira ukaingia wavuni. Mama akasimama. Wachezaji wakakimbilia nyuma ya goli, kamera ikawafuata, ikawapita, ikaanza kupanda kwenye nyuso. Picha ikaganda.

Iliganda vibaya. Nyuso zote ziligeuka viraka vya rangi, na huwezi kujua lipi ni jicho, lipi ni skafu. Niliitukana ile simu kwa maneno ambayo sikuwahi kuyatumia mbele ya mama, na mama hakunikemea. Alikuwa ameshika kichwa.

"Weka sauti basi," jirani akasema, "angalau tujue kama limekubaliwa."

Nikaweka sauti. Picha imeganda, lakini sauti ilikuwa inakuja vizuri tu. Alikuwepo mtangazaji anayemeza maneno, zilikuwepo kelele za watu, na chini ya kelele hizo kulikuwa na ngoma. Mama akanyoosha mkono. "Nyamazeni."

Mkono wa kulia ukatangulia. Wa kushoto ukawahi.

"Anakosea palepale," mama akasema, kwa sauti ndogo.

Nilitaka kumwambia tusikimbilie, ngoma ni ngoma, huenda ni mtu mwingine. Ndipo nikayasikia makofi. Upande mzima ule wa nyuma ya goli ulikuwa unapiga makofi kuifuata ngoma, na kila ilipofika pale pa kungoja, hakuna aliyengoja. Waliwahi wote kwa pamoja, na kwa furaha, kama watu ambao wamefanya mazoezi ya kutosha.

Mama akakaa chini akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipojaribu kusema alishindwa, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akajaribu tena. "Amewafundisha wote kukosea," alisema. "Mtoto huyu. Amewafundisha Wazungu wote kukosea." Kisha akatulia. "Ana watu."

Mimi nilikuwa nalia wazi wazi na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Jirani alijifanya anafunika chapati. Msimu mzima tulikuwa tumekodoa macho kumtafuta, na yeye alikuwa anatupigia ngoma, labda kila Jumamosi, na mimi mtangazaji hodari nimezima sauti. Picha iliporudi, mpira ulikuwa katikati ya uwanja na goli lilikuwa limekataliwa. Mama hakuuliza kwa nini.

Kesho yake mdogo wangu akapiga simu, shati lake na ukuta wake. Nilidhani mama atamwambia. Akamwuliza kama amekula, akajibiwa amekula, wakaagana. Nikamwuliza mbona amenyamaza.

"Tukimwambia," alisema, "atajirekebisha."

Jumamosi iliyofuata, nilipokohoa ili nianze kutangaza, mama alichukua rimoti mkononi mwangu. "Leo usinitangazie," akasema, akaongeza sauti. Halafu akageuza kiti chake, akaipa televisheni mgongo, akaweka ungo wa karanga mapajani na kuanza kumenya. Jirani alimtazama, akanitazama mimi, akamega chapati. Baada ya muda ngoma ikaanza kule nyuma ya goli. Mama akaacha kumenya, akaanza kugonga ukingo wa ungo taratibu kwa viganja, na ilipofika pale pa kungoja, mkono wake wa kushoto ukawahi.