Chokaa ya Jirani

Jumanne nilikuwa kwenye foleni, kwenye dirisha la ofisi ya ardhi hapa Gitega. Nyumba zinazozunguka kiwanda kilichofungwa, zile zenye alama nyekundu, zitabomolewa ili barabara ipanuliwe. Mbele yangu alisimama mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Nyumba yake ilikuwa na alama, sasa haina.

"Nani aliifuta?" karani aliuliza.

"Ni mi," alisema jirani aliyemsindikiza. "Yeye alikuwa maternite kuzaa, mi nikapaka chokaa tumpokee mtoto. Ile alama nilifikiri watoto ndio walichora."

Karani alimwangalia mtoto, kisha picha ya ukuta kwenye simu yake. "Mi naandika ninachoona. Ukuta iko nyeupe."

"Basi nabaki ao nahama, papa?" mama alimuuliza.

Karani alifunga daftari taratibu, akaita anayefuata.

Nyumba yangu nayo ina alama. Chokaa nimeshanunua, ila sijui kama nipake mwenyewe au nimsubiri jirani.